Mvumo wa Chini ya Mlima: Mitetemo Mizito ya Volkeno na Matatizo ya Kuifasiri

Mkazi wa Shituru, mojawapo ya komini nne zinazounda mji wa Likasi katika Katanga ya Juu, huzijua aina mbili za kutikisika kwa ardhi. Ya kwanza ni ile ya baruti ya machimbo. Hii huja kwa ghafla, vyombo hugongana kabatini, na kabla mtu hajauliza kuna nini imekwisha kupita. Ya pili ni ile ya viwanda vya kusafishia shaba, pale pampu na mabomba ya maji na asidi yanapokuwa kazini. Hii haina mwanzo unaoweza kuonyeshwa kwa kidole wala mwisho. Nyayo huisikia kabla ya masikio. Fundi mzoefu akiweka kiganja juu ya bomba aweza kutambua kwamba hewa imeingia ndani yake, kwa kuwa mvumo umebadilika. Hakuna mtu wa Shituru atakayezichanganya aina hizi mbili, ingawa zote ni kutikisika kwa ardhi ile ile.

Tofauti hiyo hiyo ndiyo iliyo katika kiini cha elimu ya mitetemo ya volkeno. Zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini ya Likasi, ndani ya nchi hiyo hiyo, mji wa Goma umekaa chini ya mlima Nyiragongo, na usalama wa wakazi wake hutegemea kwa sehemu jinsi wataalamu wanavyoitenga mitikisiko ya miamba inayopasuka na mvumo wa magma na gesi zinazopita. Makala haya yanakusudia kueleza namna mvumo huo unavyofasiriwa kwa vielelezo vya hesabu, na kisha kuonyesha mahali ambapo fasiri hiyo hugota. Aidha, suala la lugha litaguswa, kwa sababu taarifa inayotoka katika chombo cha kupimia haimfikii mama wa sokoni kwa tarakimu bali kwa maneno, na maneno hayo mara nyingi ni ya Kiswahili.

MIPASUKO NA MIVUMO

Chombo cha kunakili mitetemo, yaani seismografu, huchora mstari unaopanda na kushuka kadiri ardhi inavyotikisika. Mwamba unapopasuka, mstari huo huruka ghafla. Kwanza hufika wimbi la msukumo, kisha, baada ya muda mfupi unaolingana na umbali, hufika wimbi la mkato lililo zito zaidi, halafu mstari hutulia. Ardhi hutikisika mara nyingi kwa sekunde, kwa kawaida zaidi ya mara tano. Hii ndiyo baruti ya mfano wetu wa Shituru.

Mchoro wa aina ya pili ni tofauti kabisa. Huanza polepole, kama mtu anayeingia chumbani bila kubisha hodi, na wimbi la mkato halionekani wazi. Baada ya hapo ardhi huendelea kuyumba kwa utaratibu, takriban mara moja, mbili au tatu kwa sekunde, huku myumbo ukififia kidogo kidogo mithili ya kengele iliyogongwa mara moja na kuachwa. Wataalamu huweka mipaka yake kati ya nusu ya myumbo na myumbo mitano kwa sekunde, yaani kati ya hezi 0.5 na hezi 5. Mjapani Takeshi Minakami, ambaye uainishaji wake ulitumika kwa miaka mingi, aliitenga mitikisiko ya volkeno katika aina A na aina B, na mingi ya aina ya B ndiyo inayozungumzwa hapa. Pengine kengele hizo hugongwa mfululizo, moja ikidakia nyingine, au chanzo chake hakikomi kabisa, na hapo mstari hujaa myumbo kwa saa nyingi au kwa siku nyingi. Huo ndio mvumo wenyewe.

Kwa nini mizito? Swali hili linaonekana dogo, lakini ndilo lililofungua mlango. Mpiga filimbi ajua kwamba filimbi ndefu hutoa sauti nzito na fupi hutoa sauti nyembamba. Wimbi lililonaswa ndani ya mfereji hupiga ncha moja, hurudi, hupiga ya pili, na hesabu ya safari zake kwa sekunde ndiyo sauti inayosikika. Sasa, katika magma isiyo na mapovu sauti husafiri kwa kasi ya kilomita mbili na nusu hivi kwa sekunde. Ili kupata myumbo mmoja kwa sekunde kwa kasi hiyo, ingebidi mfereji uwe na urefu wa zaidi ya kilomita moja. Hata hivyo, mitetemo mingi ya aina hii hutoka mahali pa juu sana, mita mia chache tu chini ya kasoko, ambapo hakuna nafasi ya filimbi ya urefu huo. Ama filimbi ni ndefu kuliko inavyodhaniwa, ama wimbi linakwenda polepole kuliko inavyodhaniwa. Jibu lililopatikana ni la pili.

Sababu ya kwanza ya upole wa wimbi yaweza kujaribiwa jikoni. Mtu akitia kahawa ya unga au kakao katika kikombe cha maji ya moto, akakoroga, kisha akagonga kitako cha kikombe kwa kijiko mara kwa mara, atasikia mlio ukishuka na kuwa mzito mno, halafu ukipanda tena taratibu kadiri mapovu madogo yanavyotoka. Kikombe hakikurefuka. Kilichobadilika ni kasi ya sauti ndani yake. Sauti husafiri kwa mita 1,500 hivi kwa sekunde katika maji na mita 340 hivi katika hewa. Msomaji angetarajia kwamba mchanganyiko wa viwili hivyo utakuwa na kasi ya katikati. La hasha. Mchanganyiko waweza kuwa na kasi iliyo chini ya mita 100 kwa sekunde, pungufu ya vyote viwili, kwa kuwa mapovu huupa ulaini wa gesi huku maji yakiubakizia uzito wa majimaji. Na kitu kilicho kilaini na kizito kwa pamoja hupitisha wimbi kwa uvivu. Magma inayopanda hupungukiwa na kanieneo, gesi zilizoyeyuka ndani yake hutoka na kuwa mapovu, na hivyo hugeuka kikombe cha kahawa kikubwa mno.

Sababu ya pili iligunduliwa kwa hesabu kabla ya kukubaliwa na wengi. Bernard Chouet, aliyefanya kazi katika idara ya jiolojia ya Marekani, alichapisha mwaka 1986 kielelezo cha ufa mwembamba uliojaa majimaji. Aligundua kwamba kuta za ufa huo si ngumu kama zinavyofikiriwa. Wimbi linapopita, kuta hupanuka na kusinyaa pamoja nalo, na ulegevu huo hulichelewesha wimbi zaidi ya pale mapovu yalipolichelewesha. Kadiri ufa ulivyo mwembamba kwa kulinganishwa na urefu wake, ndivyo ucheleweshaji unavyozidi. Hesabu ndogo yatosha kuonyesha matokeo yake: wimbi la mita 200 kwa sekunde ndani ya ufa wa mita 100 huenda na kurudi mara moja kila sekunde. Filimbi ya kilomita moja haihitajiki tena.

KUKITENGENEZA KIELELEZO

Kielelezo cha hesabu si picha ya mlima. Ni mlima uliokatwakatwa ndani ya kompyuta kuwa vijumba vidogo vidogo, maelfu au mamilioni, kila kimoja kikiwa kimepewa sifa zake: uzito, ugumu, na kama ni mwamba au majimaji. Anayejua kucheza bao hatapata shida kuelewa kinachofuata. Kama vile kete za shimo moja zinavyogawiwa mashimo ya jirani, ndivyo kila kijumba kinavyosukumwa na majirani wake na kuwasukuma kwa zamu. Kanuni ya msukumo katika mwamba ni ile ya Newton, pamoja na sheria ya unyumbufu. Katika majimaji huongezwa sharti kwamba hakuna kinachopotea, yaani kilichotoka kijumba hiki lazima kiwe kimeingia kile. Mtafiti hugonga mahali fulani katika koo la volkeno, yaani mfereji unaopandisha magma, kisha huiacha kompyuta ihesabu zamu baada ya zamu, kila zamu ikiwa sehemu ndogo sana ya sekunde, mpaka mtikisiko ufike juu, mahali ambapo katika mlima halisi pamewekwa seismografu. Mstari wa kompyuta na mstari wa chombo hulinganishwa. Visipofanana, sifa za koo hubadilishwa na hesabu huanza upya.

Mambo mawili hasa ndiyo yanayotazamwa katika ulinganisho huo. La kwanza ni uzito wa mlio, lililokwisha elezwa. La pili ni muda wa kufifia, nalo lina habari nyingi kuliko linavyodhaniwa. Kengele ya shaba hulia kwa muda mrefu. Kengele iliyojazwa matope hulia mara moja na kunyamaza. Vivyo hivyo, ufa uliojaa gesi yenye vumbi la majivu hushikilia mlio wake kwa muda mrefu, kwa kuwa tofauti kati ya gesi na mwamba ni kubwa na wimbi hurudishwa ndani badala ya kuvuja. Ufa wenye magma ya mapovu hufifia mapema, na magma yenye mnato mwingi hufifia mapema zaidi. Hiroyuki Kumagai pamoja na Chouet walilifanyia jambo hili hesabu za kina mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kutokana na kazi ya namna hiyo, mtu aliyeketi ofisini aweza kusema, kwa kiasi fulani cha uhakika, kwamba jana ufa fulani ulikuwa na mvuke wenye unyevu na leo umekauka.

“Kwa kiasi fulani” si maneno ya adabu tu. Mlio mmoja waweza kutolewa na ufa mfupi wenye majimaji yaendayo polepole, au na ufa mrefu zaidi wenye majimaji yaendayo kasi, na seismografu haina njia ya kuchagua. Tena mtetemo hupita katika tabaka za majivu na lava kuukuu kabla ya kufika kwenye chombo, na tabaka hizo huurefusha na kuupotosha, kama vile sauti ya mtu inavyopotoshwa na pipa tupu. Mwaka 2014 Christopher Bean na wenzake walikwenda mbali zaidi. Walionyesha kwamba katika sehemu za juu za mlima, ambapo mwamba ni laini na umelegea, mpasuko wa kawaida waweza kutokea taratibu kiasi cha kutoa mtetemo mzito usiohitaji majimaji yoyote. Ikiwa ndivyo, si kila kengele inayosikika ni ya koo la volkeno. Nyingine ni za ukuta wa nyumba unaojinyoosha. Mjadala huo haujafungwa, na ni afadhali mwanafunzi aujue tangu mwanzo kuliko kufundishwa kielelezo kimoja kana kwamba ni msahafu.

Swali la nani anayeigonga kengele lina majibu mengi. Jibu mojawapo zuri lilitoka katika kisiwa cha Montserrat, ambako mlima wa Soufrière Hills ulianza kulipuka mwaka 1995. Magma ya huko ni nzito na yenye mnato mwingi mno. Jürgen Neuberg na wenzake walipendekeza kwamba inaposukumwa juu kwa nguvu, magma hiyo hukatika kwenye kingo za koo kama kioo kinavyokatika, ikatulia, ikashikana, ikakatika tena. Ndiyo maana mitetemo ilijirudia kwa sura ile ile moja, mamia kwa mamia, kana kwamba imepigwa chapa. Mwezi Juni 1997 makundi ya mitetemo hiyo yalikuja kwa vipindi, yakipanda na kushuka sambamba na kuvimba na kunywea kwa mlima, na tarehe 25 mwezi huo sehemu ya juu iliporomoka na kuua watu 19.

Ngoma ikivuma sana, wasema wahenga, haikawii kupasuka. Mlima Redoubt wa Alaska uliifuata methali hiyo kwa utii: kundi kubwa la mitetemo mizito lilianza tarehe 13 Desemba 1989, na takriban siku moja baadaye mlima ukalipuka. Galeras, nchini Kolombia, haukuifuata. Tarehe 14 Januari 1993 ulilipuka wakati wataalamu waliokuwa wamekutana katika mji wa Pasto wakiwa ndani ya kasoko, na watu 9 walikufa. Siku zilizotangulia zilikuwa na mitetemo mizito michache tu, yenye mkia mrefu unaopungua taratibu. Wakolombia waliita mitetemo hiyo kwa jina la skrubu katika Kihispania, tornillo, kwa kuwa mchoro wake kwenye karatasi hufanana na skrubu iliyolazwa, kichwa kinene na mwili uchongokao. Jina hilo la karakana likaingia katika majarida ya dunia nzima bila kuombewa radhi. Kiswahili kina parafujo, nalo si geni katika mji wowote wenye mafundi.

NYIRAGONGO

Mlima huu wa mita 3,470 si wa jamii ya Soufrière Hills wala ya Galeras. Lava yake ina silika kidogo mno na mnato mdogo kuliko karibu lava zote zinazojulikana. Hutiririka kama uji mwepesi. Kwa miongo mingi kasoko lake limekuwa na ziwa la lava lililo wazi. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wake ulipasuka na ziwa hilo likamwagika lote kwa muda usiofikia saa moja. Vijiji vya mteremkoni havikupata hata nafasi ya kukimbia.

Elimu ya mitetemo ya eneo hilo ilikuwa imeanza mapema, katika kituo cha utafiti cha Lwiro, kando ya ziwa Kivu. Huko watafiti wa Kizaire walishirikiana na Wajapani waliokuja na Hiroyuki Hamaguchi wa Chuo Kikuu cha Tohoku, ambaye mwaka 1983 alihariri kitabu kizima kuhusu jiofizikia ya Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira. Kituo cha Goma chenyewe, kinachojulikana kwa Kifaransa kama Observatoire Volcanologique de Goma, kilianzishwa mwaka 1986. Yaliyofuata katika miaka ya 1990 yanajulikana: wimbi la wakimbizi la mwaka 1994, vita, na vyombo vilivyoporwa au kukosa betri.

Hivyo basi, ilipofika mwaka 2001, vituo vya seismografu vilivyokuwa vikifanya kazi kuzunguka milima hiyo miwili vilikuwa viwili tu, Katale na Bulengo. Kwa masikio hayo mawili watafiti wa Goma walisikia mitetemo mizito na vipindi vya mvumo vikiongezeka baada ya mlipuko wa Nyamulagira wa Februari 2001. Waliona pia mitikisiko mikali ya Oktoba 2001 na Januari 2002, nao walitoa tahadhari. Vituo viwili haviwezi kutaja mahali mtetemo ulipotoka. Kwa kazi hiyo angalau vitatu vinahitajika. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa kusini ulifunguka, lava ikashuka hadi katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwenda Rwanda. Walikufa watu wapatao mia moja au zaidi, lakini waliosikia wenzao wakisema kwamba hapakuwa na dalili waliambiwa jambo lisilo kweli. Dalili zilikuwapo, masikio ndiyo yaliyokuwa machache.

Ilikuwa rahisi, baada ya hapo, kuamini kwamba masikio yakiongezwa tatizo limekwisha. Yaliongezwa. Kuanzia miaka ya 2010 mtandao wa kisasa wa vituo zaidi ya kumi ulijengwa kwa ushirikiano wa kituo cha Goma na taasisi za Ubelgiji na Luxembourg. Ziwa la lava lilikuwa limekwisha kurudi mwaka ule ule wa 2002, na usawa wake ulizidi kupanda mwaka hata mwaka. Mwaka 2016 tundu jipya lilifunguka pembeni mwake ndani ya kasoko. Mvumo wake ulinakiliwa usiku na mchana. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ubavu ulipasuka tena, lava ikafika ukingoni mwa mji, na watu wapatao 30 wakafa. Delphine Smittarello na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature, walizipitia kumbukumbu zote za vyombo na kukuta kwamba ishara za kwanza zisizo na shaka zilitangulia lava kwa muda usiofikia saa moja. Mtandao mzima ulikuwa hai, na haukuwa na la kusema.

Hapa ndipo kielelezo cha koo kinapogota, na sababu zake zaeleweka kwa urahisi na aliyefuata maelezo ya juu. Montserrat ina kizibo: magma nzito huziba koo, kanieneo hupanda, kingo hukatika, kengele hugongwa. Nyiragongo hauna kizibo. Koo lake liko wazi hadi angani, gesi hutoka bila kubanwa, na magma yake nyepesi haikatiki kama kioo. Mvumo upo, tena haukomi, lakini ni mvumo wa sufuria inayochemka bila kifuniko. Hausemi kitu kuhusu ubora wa sufuria yenyewe. Kilichotokea mwaka 2021, kwa fasiri ya watafiti hao, ni kwamba ukuta wa mlima, uliochoshwa na joto na uzito wa lava kwa miaka mingi, ulishindwa. Magma ilikuwa tayari iko juu, karibu na mpasuko, na haikuhitaji safari ndefu ya kupanda ambayo ingetikisa ardhi njiani.

Yaliyofuata yalikuwa kinyume chake. Mara lava ilipokoma, magma iliyobaki ilianza kusafiri chini ya ardhi kuelekea kusini, katika ufa wa kina kidogo uliopita chini ya Goma na Gisenyi hadi chini ya ziwa Kivu. Safari hiyo ilipasua mwamba, na mamia ya mitikisiko yalisikika mijini kwa siku kadhaa. Hii ilikuwa baruti, si mvumo. Tarehe 27 Mei serikali ya mkoa iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe, na watu wapatao laki nne waliondoka kuelekea Sake, Rwanda na kusini kwa mashua. Lava haikutoka. Wako waliosema kwamba amri ile ilikuwa kosa. Kwa kuzingatia kilichojulikana asubuhi ile, yaani magma yenye kina kidogo chini ya mji na chini ya ziwa lililojaa gesi, ni vigumu kuona amri gani nyingine ingetolewa.

NENO LA KUTUMIA

Katika mazungumzo ya kawaida na katika redio, matukio yote yaliyoelezwa hapa huitwa kwa jina moja: tetemeko la ardhi. Mkazi wa Goma alitikiswa na matetemeko baada ya mlipuko wa 2021, wala si kabla. Mwaka 2002 palikuwa na matetemeko kabla na baada. Akiambiwa kwamba “matetemeko yamepungua”, haambiwi kama kilichopungua ni kupasuka kwa mwamba au ni mvumo wa ziwa la lava. Katika mlima wenye kizibo, kupungua kwa mvumo kwaweza kumaanisha kwamba koo limezibwa, habari isiyo ya kufurahisha hata kidogo.

Istilahi zilizopo hazisaidii sana. Masafa, linalotumiwa sasa na wengi kwa maana ya idadi ya myumbo kwa sekunde, limetoka katika habari za redio. Kwa msikilizaji wa kawaida masafa ni umbali, na “tetemeko la masafa mafupi” litamfanya adhani kwamba limetokea karibu na nyumba yake. Marudio ni sahihi zaidi kimantiki, lakini “tetemeko la marudio machache” laweza kueleweka kuwa tetemeko lililotokea mara chache, jambo ambalo huwa uongo mtupu siku ya makundi ya mitetemo. Kiswahili chenyewe, hata hivyo, hakikosi neno la sauti ya namna hii. Sauti ya mwanamume huwa nzito na ya mtoto huwa nyembamba, na hakuna anayehitaji shule ili alielewe hilo. Kwa hiyo mtetemo mzito ndilo jina lililotumiwa katika makala haya, ingawa nalo lina hatari yake: mzito laweza kuchukuliwa kuwa wenye nguvu. Mvumo halina hatari hiyo. Nyuki huvuma, upepo huvuma, bahari huvuma, mitambo ya Shituru nayo huvuma, na katika yote hayo hakuna anayefikiria kitu kupasuka.

Hofu kwamba maneno ya watu hayafai kwa sayansi haina msingi katika eneo hili hasa. Gesi ya ukaa inayojikusanya katika mabonde karibu na Goma na kuua mifugo na watu huitwa na wenyeji mazuku, na neno hilo sasa huandikwa bila kutafsiriwa katika majarida ya kimataifa ya volkeno. Halikupitishwa na kamati yoyote. Kiswahili cha Likasi, kama kile cha Lubumbashi na Kolwezi, kilikulia katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga, na kimezoea habari za mabomba, pampu na miamba kuliko wanavyodhani wale wanaokijua Kiswahili cha vitabuni peke yake. Waundaji wa istilahi wangeweza kuanzia huko.

Taarifa ya kila siku kwa wakazi ingeweza basi kutenga mambo mawili kwa sentensi mbili fupi: “Mvumo wa ziwa la lava ni ule ule wa jana. Mipasuko ya mwamba imeongezeka upande wa kusini.” Na kwa kuwa mwaka 2021 ulikwisha onyesha kile ambacho mvumo hauwezi kukitabiri, ingefaa sentensi ya tatu ifuate bila kufichwa mwishoni: “Kutobadilika kwa mvumo hakumaanishi kwamba ukuta wa mlima ni mzima.”